Mnadi Hanunui

Miaka kumi na minne, ibada ikiisha,
nimesimama kwenye ngazi za kanisa letu, Machame,
nikinadi kila alicholetewa Mungu:
mkungu wa mshare, debe la mahindi, maziwa kwenye chupa ya soda,
jogoo aliyefungwa miguu, akiukemea usharika wote.
"Elfu tatu mara ya kwanza!
Jamani, huyu kaimba besi tangu zaburi, mnamwacha?"
Watu hucheka, hutoa. Kicheko nacho ni sadaka, nadhani.
Sheria yetu ni moja: mnadi hanunui.

Mwezi wa Tano nilishuka KCMC.
Daktari, binti mdogo, kalamu nyuma ya sikio,
alisikiliza kifua changu
kama anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani.
"Baba, moyo wako si mzima.
Kuna mlango haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka."
Mlango! Na mimi seremala.
Nikapewa vidonge vya rangi mbili na tarehe ya kurudi.

Jumapili iliyofuata, katika sala,
tulipofika pale tunaposema wote "kwa moyo mzima,"
nikanyamaza.
Wenzangu wakapita na neno lao, nikabaki nyuma
kama mtoto aliyeinama kufunga kamba za kiatu.
Ningemdanganya nani? Picha ya kifua anayo.
Bahasha ya shukrani nikaiacha tupu ndani ya kitabu cha nyimbo.
Nitashukuru nikipona, nilisema. Kwanza nipone.

Na leo kaja Bibi Aikaeli.
Jina lake lenyewe ni asante kwa Mungu;
mama yake alimpa
mwaka ambao hapakuwa na cha kushukuria.
Kafungua pindo la kanga, fundo baada ya fundo:
yai moja. Lina joto bado.
Nikaliinua. "Mia tano!"
Ndetaulwa wa lori la mawe akasema elfu, akalipa, akalirudisha.
Mwalimu Ndeonasia elfu mbili, akalirudisha.
Likauzwa mara nne, halijapata hata ufa.
Nikamwinamia bibi, kwa utani:
"Kuku wako kafanya makubwa. Unashukuru nini hasa?"
Akanitazama kama anayekagua nguo kambani, imekauka au bado.
"Wewe. Umerudi."
"Bibi, sijapona."
"Nani kasema umepona? Nimesema umerudi.
Kuku ninaye mmoja, ameanza kutaga alfajiri ya leo.
Ulitaka ningoje vifaranga?"

Kelele za mnada zikaenda mbali.
Ule mlango kifuani ukagonga, ukarudi, ukagonga,
na kila ukirudi ni wewe, Bwana, unayeusukuma tena.
Miaka sitini na moja
sijakulipa hata pigo moja,
na hujawahi kuleta ankara.
Nilikuwa nakungojea unitengeneze ndipo nikupe,
kama mtu anayeficha kiti kibovu wageni wasikione,
nawe umekikalia siku zote.
Basi pokea.
Unavuja. Unarudisha nusu ya ulichoutia.
Si mzima, Bwana, lakini ni wote.
Sina mwingine niliouficha nyumbani.

"Elfu kumi," nikasikia mtu akisema.
Watu wakageuka kumtafuta. Alikuwa mimi.
"Elfu kumi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu!"
Mhazini akanikumbusha sheria. Nikamwambia aandike deni.
Kalamu ikagoma, akaipulizia, akaandika,
akanipigia mstari chini ya jina, mara mbili.

Nateremka sasa kando ya mfongo,
yai mfukoni mwa koti, upande wa kushoto.
Utelezi wa jana haujaisha, majani ya migomba yananidondoshea maji shingoni.
Natembea polepole.
Daktari aliniagiza hivyo tangu Mei;
sikuwa nimemtii mpaka leo.